Mwalimu Aristides Basili na Mazungumzo ya Jumamosi

Baba yetu mpendwa, Mwalimu Aristides Basili, alizaliwa Kibosho tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa Mzee Basili na Mama Margareta.

Baada ya shule ya msingi aliingia seminari, akasoma falsafa miaka mitatu. Mwaka 1976 alirudi nyumbani, kwa kuwa Mungu alikuwa na mpango mwingine naye. Alifundisha sekondari mjini Moshi hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Salvina, wakajaliwa watoto wawili, Doris na Denis.

Alipostaafu, kila Jumamosi alipanga mabenchi kihambani, kwenye migomba, akawaalika walimu wenzake wazungumze falsafa. Kisha akamwita jirani yake Filemon, mkata majani ya ng'ombe, akaweka sharti: neno gumu halipiti mpaka Filemon aseme limemwingia. Siku moja walibishana kama mtu aliyesahau kabisa kosa lake bado anastahili adhabu. Filemon akauliza, "Na aliyekosewa naye akisahau, kosa linakaa wapi?"

Mwalimu mmoja akaguna, "Aristides, hii ni falsafa, siyo kilabu cha kunywea mbege!"

"Basi tueleze kama tuko kilabuni," marehemu akajibu, "tuone kama mwenyewe umeelewa."

Wasomi wakapungua mmoja mmoja. Mwaka 2022 Filemon naye alihamia Kahe kulima. Marehemu aliendelea kupanga mabenchi yote, akaketi peke yake mpaka chai ikapoa.

Mei 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, ikiwa imeshasambaa. Siku moja Salvina, akimnywesha uji, alimuuliza, "Baba Doris, lile swali la Filemon mlilimaliza?"

"Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Miaka yote hiyo nawapitishia chai, masikio nayaacha jikoni?"

Marehemu alicheka. "Nimealika Kibosho nzima," alisema, "nikakuruka wewe."

Tangu hapo walizungumza kila jioni baada ya rozari, baba akiuliza, mama akimbishia.

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, hospitalini mjini Moshi, akiwa amepokea mpako wa wagonjwa. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini. Mazungumzo yao, miezi mitano.

Bwana ampumzishe kwa amani, na amtazame mama jioni zinapofika.