Maisha ya Mama Huguette Tshibola, Aliyekataa Kutia Sahihi

Wazee wetu wa ukoo wa Kazadi na wa ukoo wa Banza, baba paroko, majirani wa Manika, ndugu mliotoka Sandoa, Tenke na Lubumbashi, na ninyi wenzake wa kazi mlioketi kwenye viti vya mbele, kabla hatujamsindikiza mama yetu familia inawaomba mtusikilize, kwa sababu tangu kilio hiki kianze mengi yamesemwa juu yake, na mengine yamesemwa kwa upole uliouzidi ukweli.

Mama Huguette Tshibola Kazadi alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 17 Aprili 1982, mtoto wa kwanza wa tata Kazadi, karani wa migodi, na wa mama Kanku, muuza mihogo, wote wawili wakiwa wenyewe wamezaliwa hapa hapa, ingawa kitambulisho cha kila mmoja kiliandika asili yake kuwa ni Kasai. Alianza masomo ya msingi kwa masista mwaka 1988, akasoma vizuri, mpaka mwaka 1993 migodi ilipokuwa imeanguka na mishahara imekauka, watu wakatafuta wa kumtupia lawama, wakawaona majirani zao wenye asili ya Kasai. Familia ilifukuzwa nyumbani, ikalala gare, kwenye kituo cha reli, pamoja na maelfu ya wengine kungoja treni, na tata Kazadi alikuwa akimwambia kila askari aliyepita, "Mi nilizaliwaka hapa, baba yangu balimuzikaka hapa, munanirudisha wapi?" Mdogo wake Huguette, Louis, aliugua surua pale gare, akafa kabla treni haijafika, akazikwa kwa haraka na watu ambao familia haikuwajua, hata leo hatujui ni wapi.

Masomo ya sekondari aliyamalizia Mwene-Ditu, huko Kasai, mwaka 2001, kisha akarudi upande huu kusoma sheria Lubumbashi, jambo ambalo mama yake alilikataa kwa machozi, na tarehe 22 Julai 2007 akapata shahada yake. Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa na tata Banza, mwalimu, mwana wa kaskazini ya Katanga, na tuseme wazi kwamba si wote wa upande wa bwana waliofurahi, kuna shangazi aliyeuliza mbele ya mahari, "Mu Katanga yote hii mabibi balikwisha?", naye Huguette akamjibu kwa adabu, "Balibakia, mama, lakini walimu njo babaya kuchagua", na shangazi huyo, anayelia hapa leo kuliko sisi sote, alicheka akatoa mahari. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fidélie, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 2010, na Louis, mwenye jina la mjomba wake, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 2013.

Mwaka 2012 aliajiriwa hapa Kolwezi na kabinet, yaani ofisi ya ushauri wa sheria, ya wakili Maître Kalumba, na wengi mlimjua hapo bila kuelewa alifanya nini hasa. Tukiona kibanda cha pesa ya simu pembeni ya barabara tunadhani ni mwavuli, kijana na simu mbili, basi, lakini nyuma ya kile kibanda kuna wanasheria wanaoandika mikataba, wakaguzi wanaopitia hesabu, washauri wanaotafuta ruhusa ya benki kuu, na wote hao kampuni haiwezi kusimama bila wao, hasa katika jimbo ambalo benki ziliwahi kufunga milango na watu wakarudi kuficha pesa chini ya godoro. Kazi ya mama yetu ilikuwa kuandika kanuni za kufungua akaunti za pesa ya simu, na alipofika kwenye machimbo ya upande wa Tenke alikuta wachimbaji wa mikono hawana adresi ya kuandikwa, wanalala pale wanapochimba, na chifu wa mtaa hawajui. Ndipo akaandika kanuni yake, kwamba mchimbaji ataandikwa kwa jina la shimo lake, na mkubwa wa shimo, yule ambaye wachimbaji wenyewe humwita PDG, kama mkurugenzi mkuu wa kampuni, atasimama kumtambua. PDG wa kwanza kusimama alikuwa tata Twahiru, aliyetoka Maniema na mke wake Zena, naye alimwambia, "Mama Maître, mi niko PDG wa kweli, lakini bureau yangu iko chini ya udongo, ukinitafuta utashuka?", akamjibu kwamba atashuka.

Kanuni ile iliwafungulia akaunti watu wengi sana, kabinet ikasifiwa kwenye mikutano ya Lubumbashi, Maître Kalumba akapigwa picha. Lakini tarehe 14 Mei 2019 mashimo matatu ya machimbo yale yaliporomoka na watu wakafunikwa, na juma lililofuata askari wakaja kuwaondoa waliobaki, wakachoma mahema, wakafukia mashimo kwa mashine. Kampuni ya pesa ya simu ikauliza kabinet ifanye nini na akaunti ambazo adresi yake sasa ni mahali ambapo hakuna ruhusa ya kukanyaga, na kabinet ikaandaa maoni kwamba zifungwe zote, mpaka kila mtu alete hati ya makazi kutoka kwa chifu wa mtaa, hali kila mmoja pale ofisini alijua machifu walikuwa wakisema juu ya waliofukuzwa, "Beye habako ba hapa." Maoni yakaletwa mezani kwa mama yetu ayatie sahihi, kwa kuwa kanuni ilikuwa yake, na jina lake ndilo ambalo wachimbaji wangeliamini.

Alikataa. Maître Kalumba alimwambia, na wapo hapa waliosikia, "Huguette, tuko washauri, hatuko famille yabo", naye akajibu kwamba yeye aliwahi kulala gare kwa sababu ya karatasi iliyosema hatoki hapa, na karatasi ya namna hiyo hataiandikia mtu mwingine. Maoni yakatiwa sahihi na Maître mwenyewe, akaunti zikafungwa, na tata Twahiru, aliyekuwa akiishi na Zena ndani ya ghala la kanisa kule Tenke bila hata nauli ya kurudi kwao, pesa yao ikiwa ndani ya akaunti iliyofungwa, akaja mpaka kizingiti cha nyumba yetu akasema, "Mama Maître, mulisema shimo ni adresi. Banafukia shimo, na sisi banatufukia ndani?" Tarehe 3 Februari 2020 kabinet ilimwachisha kazi, kwa maneno mazuri kabisa ya Kifaransa.

Kuanzia hapo alifanya kazi kwenye meza moja sokoni, chini ya bati, akawafuata waliofukuzwa kila walikotawanyika, akawakusanya kwa timu zao, kwa maana watu waliochimba shimo moja hujuana hata kwa sauti gizani, akaiomba kampuni ikubali watu wawili wa shimo moja wamtambue wa tatu. Kampuni haikusema hapana, ilisema mikono yake imefungwa na maoni ya washauri wake, washauri wakiyafuta leo, akaunti zitafunguliwa leo. Akarudi kubisha mlango uleule aliotolewa, mara nyingi, na jibu lilikuwa moja, tutaona.

Mwezi Oktoba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya titi, iliyokuwa imekwisha kuenea, akatibiwa hapa kisha Lubumbashi, akarudishwa nyumbani mwezi Julai 2022. Maître Kalumba alikuja kumtembelea na matunda, akakaa kando ya kitanda, akasema, "Upone kwanza, mama, tutaongea", naye kwa sauti iliyokuwa karibu kwisha akamwambia, "Kupona kwangu kunaweza kukawia, Maître. Anza weye." Alifariki tarehe 9 Agosti 2022, mchana, tata Banza akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani wa Manika waliopika na kukesha, hasa kwa kuwa baba za baadhi yenu ndio waliotufukuza mwaka ule wa 1993, tata Twahiru na wenzake watakaobeba jeneza, na wenzake wa kabinet kwa jeneza lenyewe, ambalo ni zuri na la gharama, tumelipokea. Lakini akaunti za watu wa Tenke zimefungwa mpaka asubuhi ya leo, na sahihi inayohitajika kuzifungua ni moja tu, mwenye nayo ameketi nasi hapa, amevaa suti nyeusi, analia, na hatusemi machozi yake ni ya uongo.

Mama Huguette, wewe umemaliza, pumzika. Maître, wewe bado.