Mzee Zahoro na Khanga ya Bi. Moza

Tarehe 30 Juni, Mzee Zahoro Shaibu atakabidhi funguo za Ukumbi wa Mkunguni, hapa Kariakoo, baada ya kuusimamia mlango na viti vyake kwa miaka ishirini na saba. Vyeti vinasema ametimiza miaka sitini. Mwenyewe anadai wamemzidishia.

Alitujia kutoka bandarini, alikokuwa mpakuzi wa mizigo, na sauti ya huko alikuja nayo. Sisi wa dirisha la tiketi tunajua kwamba mnong'ono wake unafika Mnazi Mmoja.

Kazi yake ngumu ilikuwa usiku wa muziki wa Kizungu, wa fidla na selo. Watu wetu wamelelewa na taarab: mpigaji akikukuna moyo, unanyanyuka ukamtunze papo hapo. Muziki huu hautaki hivyo. Hata makofi husubiri mwisho. Basi Mzee Zahoro alisimama njia ya katikati, akapokea noti, asmini au kitambaa, akaandika jina la mtoaji na kumfikishia mpigaji baadaye. Hakumfokea mtu, na hakuna tunzo iliyopotea. Aliwahi kumrudisha kitini hata meneja wetu, Bwana Talha.

Mwezi Machi walipiga wapigaji wanne wa vyombo vya nyuzi, na mgeni wao kwenye klarineti alikuwa Wafa, binti wa Bi. Moza, muuza khanga wa mtaa wa pili. Chuo kimoja cha muziki ng'ambo kilikuwa kimemtaka Wafa apeleke rekodi ya jukwaani isiyokatwakatwa, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Ama usiku ule, ama akose nafasi.

Wimbo ulipokaribia kuisha, Bi. Moza, ambaye hakuwahi kumsikia bintiye jukwaani, alinyanyuka na khanga mpya, machozi yakimtoka. Mzee Zahoro hakuwa na moyo wa kumrudisha. Alimwomba avue viatu, naye akavua vyake, wakanyata hadi chini ya jukwaa wasubiri. Muziki ukanyamaza.

"Haya Bi. Moza, nenda kamtunze mwanao!" akasema Mzee, kwa sauti ile ile ya bandarini.

Kumbe kilikuwa kituo tu. Wimbo ulikuwa bado. Bi. Moza akapanda, akamfunika bintiye mabegani, na Wafa akamalizia kilichobaki akiwa ndani ya khanga. Rekodi ikaenda hivyo hivyo.

Tangu hapo Mzee wetu amekosa raha. Amemwomba Wafa radhi mara nne, na kwa Bi. Moza amepeleka halua. Wote wawili wamemwambia yaishe. Yeye hujibu kwamba amenyamazisha mji mzima, halafu akaja kuharibu mwenyewe. Inatuuma kumwona akiondoka na mzigo huo.

Mzee Zahoro, asante kwa kila kiti ulichopanga na kila mtu uliyemstahi. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na siku nyingi za kuja hapa kusikiliza ukiwa umekaa.

Na Wafa ametuomba tulisome hili mbele yako: barua ilifika jana. Amepata nafasi. Wanasema wameisikiliza rekodi mpaka mwisho, zaidi ya mara moja, na wanaomba kujua yule bwana anayesikika alikuwa anasema nini.