Injinia Gani Asiyejenga Daraja

Kijiwe hiki cha Kurasini kipo nje ya duka la spea la Zoeb, malori ya makontena yakipita puani kabisa. Sheria yake ni moja: anayeshinda ubishi hukalia kiti cha plastiki jirani na birika la kahawa, wengine benchi linawatosha. Gaudens, fundi matairi waliyempachika jina la Presha kwa kujua upepo wa tairi kwa kuligonga nondo tu, alikuwa hajakionja kiti hicho wiki nzima. Kosa lake ni kusema mwanawe Sekela ni injinia na anatafiti kansa. Leo binti anakuja, na baba mtu roho ilikuwa juu.

— Presha, kubali yaishe, — alisema Zoeb kutoka kitini. — Injinia anajenga daraja. Kansa ya madaktari hiyo.

— Ana digrii ya mitambo!

— Basi anatengeneza vitanda vya hospitali.

Daniel, wakala wa forodha anayeitwa Kibali, akadakia:

— Nyie hamjui. Seli ni kontena, bwana. Ikitoka bila kibali, ndo kansa hiyo. Sekela yuko getini, anakagua.

— Acha fiksi! — alisema Zoeb. — Malori haya yanazitingisha seli mpaka nati zinalegea. Mtoto kaitwa akazikaze!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Gaudens hakucheka. Ilimuuma, maana hata yeye hakujua injinia anafanya nini kwenye kansa.

Bajaji ikasimama, Sekela akashuka.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Haya, injinia wa vitanda, — alisema Zoeb, — tueleze!

Sekela akachukua nondo mkononi mwa baba yake, akagonga tairi la lori lililokuwa likisubiri fundi.

— Baba, hili likoje?

— Limepungua upepo.

— Umejuaje?

— Sauti yake, na nondo inavyoruka.

— Sasa wazee, seli haina sikio wala mkono. Lakini inavuta na kusukuma palipo jirani yake, inajua hapa laini, hapa pagumu. Uvimbe wa kansa mara nyingi ni mgumu, na ugumu huo unaweza kuichochea seli ihame. Inajuaje?

Kibali akamgeukia Zoeb. Zoeb akamgeukia Presha.

— Mie kipande kimoja cha jibu nimekipata, — alisema Sekela. — Jana nimetetea utafiti chuoni, wamenipa udaktari wa uinjinia. Na kugonga nilifundishwa na huyu.

Zoeb akainuka, akakifuta kiti kwa leso yake.

— Injinia, kaa.

— Hicho cha baba.

Gaudens akakaa. Machozi ya furaha yalimtoka na hakuyaficha. Kisha akanyoosha mkono kwenye birika.

— Nyie wa benchini, sogeeni huko. Injinia hajapata pa kukaa.