Tunaomba Picha Isikatwe

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa jengo letu, wapangaji wenzetu, ndugu na jamaa mliokubali kupanda ngazi zote hizi kwa miguu yenu wenyewe:

Kabla ya yote, mimi fundi friji niliyetwishwa karatasi hii niisome, nakiri kwamba siku jambo hili lilipoanza, mjinga nilikuwa mimi. Nililiona kwenye kioo cha kompyuta nikadhani ni uchafu. Nikalifuta kwa mkono wa shati. Lilipokataa kutoka nikatia mate kidogo, nikasugua tena. Wenzangu wananicheka mpaka leo, ila wakicheka hawakitazami kile kioo. Kuanzia hapa nasema kwa niaba yetu sote.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Kiti chako tumekielekeza kwenye mlango wa paa. Ukitaka kukigeuza ni hiari yako. Sisi wenyewe siku hizi hatupendi kuupa mlango ule mgongo.

HISTORIA

Kikundi hiki kilianzishwa na marehemu fundi miwani wa duka la chini, mtu aliyependa nyota kuliko usingizi. Ukienda kwake kutengeneza fremu, unarudi na fremu pamoja na mhadhara. Ndivyo alivyotunasa: mimi, mshonaji wa duka la pembeni na mwalimu wa hesabu. Maradhi yalipomchukua, mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, alitukabidhi kamera akasema, "Msiiache ivae vumbi. Ikivaa vumbi nitajua, na nyinyi mtanijua."

Kazi yetu ni hii. Picha moja ya anga haina kitu, ni giza na vidoti. Kwa hiyo kamera hupiga nyingi za sehemu ileile, kisha mchana tunakaa chumba cha nyuma cha duka la miwani, tunavuta pazia, na programu ya kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Kilicho hafifu kinakolea. Kilichopita njia tu, kama ndege au popo, kinafutika. Lakini kingo hazilingani, hubaki zimechanikachanika kama pindo la shuka kuukuu, kwa hiyo mwisho tunazikata. Kulaza na kukata, basi.

Picha hizo kwa utani tunaziita wagonjwa, na hapo tunamwomba radhi mpangaji mmoja aliyetusikia kwenye ngazi tukiulizana, "Jana mmelaza wangapi?" "Wengi, na wote wametulia." Akakimbilia ofisini kwako kushtaki kwamba tunaendesha hospitali ya siri. Hatuna hospitali, mgeni rasmi. Tungekuwa nayo, baadhi yetu tungekuwa tumeshajilaza.

MAFANIKIO

Tumepiga wingu lile jekundu ambamo nyota huzaliwa, ambalo kwa macho matupu hulioni hata ukodoe vipi. Ndiyo picha uliyotuomba kwa ajili ya ukumbi wa kuingilia. Imechapishwa leo hii. Iko hapo nyuma yako, imefunikwa.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja.

Katika picha ya kwanza tuliyolaza baada ya msiba, pembeni chini, kulikuwa na mtu. Ameketi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Tukafungua zile picha mojamoja: hayumo. Tukazilaza tena: yumo.

Nilimrukia mshonaji. "Wewe ndiye uliyekaa mbele ya kamera!"

"Mimi? Nikae usiku kucha bila kukohoa wala kusengenya mtu? Unanijua kweli wewe?"

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinamia kioo.

"Tazameni ukingo wa paa," akasema. "Umegeuka ukungu. Antena nayo ukungu. Kila kilicho duniani lazima kivurugike, maana anga linazunguka na sisi tunazipanga picha kwa kufuata nyota. Huyu hajavurugika hata ukucha."

"Maana yake nini, Mwalimu?"

"Maana yake hakukaa kwenye paa letu. Alikuwa anakwenda na nyota."

Mimi nikasema ukingo ni ukingo, kazi ya ukingo ni kukatwa. Nikakata. Picha iliyofuata tukamkuta ameingia ndani kupita pale nilipokata. Nikakata tena, akaingia tena. Siku moja tulichoka tukaiacha picha nzima, na iliyofuata tukamkuta palepale, hakusogea hata kidogo. Tulipokata nyingine, akasogea. Mkao uleule, magoti pamoja.

Tulijifariji kwamba ni marehemu anatutembelea. Tena tulianza kumsalimia: "Shikamoo, mzee." Mwisho tukamwita Shemeji aje amwone mumewe. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Si yeye," akasema. "Mume wangu hakutulia hata akinyolewa. Huyu kafundishwa wapi kutulia hivi?"

Akavua miwani, akaifuta vizuri, akaiweka mkobani. Tangu siku hiyo hatumsalimii.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ofisi yako imetuletea ujumbe kwamba mtu yule aondolewe pichani, hata ikibaki nusu picha, wapangaji wasije wakahama. Vinginevyo paa lifungwe. Hatuna paa jingine. Kwingine kote taa za barabarani zimemeza anga. Ukilifunga, kazi aliyotuachia marehemu imekufa, na kamera itavaa vumbi kweli. Hata hivyo, tunaomba uipokee picha nzima kama ilivyo. Mshonaji amejitolea kushona kipazia kizuri cha kufunika sehemu ile.

Tunaomba pia taa ya ngazini. Na tunaomba komeo la mlango wa paa lihamishwe. Lililopo linafungiwa kwa nje, upande wa paani. Tungependa liwe upande huu wa ndani.

HITIMISHO

Tunakuombea macho mazima, nyumba yenye amani na usingizi usiokatika, wewe na wote unaowapenda. Ni sisi, Kikundi cha Wapiga Picha za Anga, Paa la Juu.

Ningeketi hapa, lakini wenzangu wameniagiza niongeze neno, usije ukadhani tumekaidi kwa kiburi. Leo asubuhi mimi nilikuwa upande wako. Nilikuwa nimeshashika kipanya, nikamwambia Shemeji, "Mkubwa ameshasema. Tumkate mara hii tu, tubaki na paa letu. Kwani atatufanya nini? Si picha tu?"

"Sasa hivi amekaa wapi?" akauliza.

"Katikati."

"Katikati kabisa?"

"Kabisa, Shemeji."

"Basi kulia hana haja napo, kushoto hana haja napo. Mkate, shemeji yangu, mkate. Upande uliobaki wa kusogea ni huku tulikokaa sisi."