Kocha Dorkasi na Kiwanja cha Udongo wa Kichuguu

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Kocha Dorkasi Magese anastaafu baada ya kufundisha tenisi kwa miaka thelathini na moja. Miaka tisa ya mwanzo aliitumikia Dar es Salaam. Iliyobaki yote ametupa sisi watu wa Bariadi, na sisi wachezaji wake bado tunashangaa kwamba alikubali.

Kocha alizaliwa Nassa, wilaya ya Busega, katika familia ya wauza dagaa. Akiwa darasa la tano alipelekwa Mwanza kuishi na shangazi yake, mpishi katika klabu moja yenye kiwanja cha tenisi. Jioni, wanachama wakishaondoka, shangazi alimruhusu kupiga mpira kwenye ukuta wa nyuma ya jiko. Kocha husema ukuta ule ndio mwalimu wake wa kwanza, na kwamba hajawahi kukutana na mpinzani mwingine anayerudisha kila kitu. Alipofikisha miaka kumi na tisa alichaguliwa timu ya taifa. Baadaye akasomea ukocha, akaajiriwa na hoteli kubwa ya Dar es Salaam iliyokuwa na taa, kiwanja cha zege na mashine ya kurusha mipira. Sisi mashine hiyo tumeiona kwenye picha tu.

Mwaka 2004, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilitafuta kocha wa kufundisha watoto wa wafanyakazi wake. Kocha Dorkasi akaja. Alionyeshwa eneo lenye mbigili, mbuzi wanne na nguzo mbili za mbao, akaambiwa hicho ndicho kiwanja.

Hakurudi Dar es Salaam. Aliwauliza akina mama wa jirani wanafanyaje hadi sakafu zao za kupuria mtama zisipasuke jua likiwaka. Wakamfundisha: udongo wa kichuguu uliopondwa, samadi mbichi iliyokorogwa na maji, halafu kupiga kwa magongo mpaka ardhi ilie kama meza inayogongwa. Ndivyo kiwanja chetu kilivyojengwa, na ndivyo kinavyotunzwa. Kila asubuhi kinanyunyiziwa maji na kuviringishiwa pipa lililojazwa zege ili kukishindilia. Hakuna aliyewahi kushika raketi hapa kabla ya kuvuta pipa lile, hata mtoto wa meneja.

Mwaka 2009 kiwanja kilikaribia kupotea. Kiwanda kilitaka eneo lile kwa ajili ya ghala. Meneja, Bwana Joakim, hakuwa mtu mbaya, lakini alimwambia Kocha waziwazi: "Watoto nawaona. Watu wazima siwaoni. Wewe ukiondoka kesho, hiki kiwanja ni cha nani?" Kocha alimwomba aje aone kwanza. Walikubaliana kwamba Jumamosi meneja atakuja kutazama mashindano, kisha ataamua.

Alhamisi Kocha alikwenda Mwanza kutafuta mipira. Aliporudi Jumamosi asubuhi alikuta kiwanja kimejaa mtama. Familia ya Mzee Jilala, iliyokuwa imehamia karibuni kutoka Lalago, ilikuwa inapura kwa magongo kuanzia mstari wa nyuma hadi katikati. Neti ilikuwa imetandazwa juu ya lundo ili kuzuia kuku. Walikuwa wametafuta mahali pa kupuria, wakaona sakafu ambayo hawajawahi kuona mfano wake, wakauliza ni ya nani, wakaambiwa ni ya mama mmoja aliyesafiri. Wakaona mwenye sakafu pana namna ile hawezi kuwanyima majirani. Walikuwa hata wamemtengea debe la shukrani.

"Mwangaluka, mayu," Mzee Jilala alimsalimia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. "Sakafu yako hii ni kiboko. Una mashamba mangapi?"

"Sina hata moja, baba."

"Sasa huwa unapura nini hapa?"

"Watoto," Kocha akajibu, na akina mama waliokuwa wanapepeta wakaangua kicheko hadi nyungo zikawashinda.

Kicheko kilikatika Bwana Joakim alipotokea, amewahi kuliko walivyopatana. Alisimama pembeni, akaokota punje chache za mtama, akazitazama. "Kocha," alisema, "nimekuja kuona tenisi. Hiki ni chakula."

Mzee Jilala mwenyewe ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Anasema alipoelezwa kwamba mtama wake unaweza kumpotezea yule mama kiwanja, aliweka gongo lake chini. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alimtuma mjukuu wake Shida, binti wa miaka kumi na mmoja, akaite kikundi chao cha kulima. Kikundi cha namna ile kikiitwa na mwenzao kwa ngoma, mtu hachelewi kwa kuuliza ni shamba gani. Walikuja na ndoo, mafagio na magongo. Waliondoa mtama, wakafagia, wakanyunyiza maji, kisha wakajipanga mstari mmoja na kuipiga ardhi kwa mapigo ya ngoma huku wakiimba. Kocha aliingia kwenye mstari akapiga nao.

Saa tisa alasiri chokaa ilikuwa imeshachorwa. Kiwanja kilikuwa kigumu na sawa kuliko siku zote, kwa sababu kazi ya kupura ilikuwa imekishindilia vizuri. Mashindano yalianza saa kumi, na waliokuja kufanya kazi hawakuondoka. Hawakujua sheria hata moja. "Mpelekee huko huko, huyo mkono wa kushoto hana!" mama mmoja alipiga kelele. Mwingine akamjibu, "Nyamaza wewe, mwanangu huyo!" Bwana Joakim alikaa mpaka pointi ya mwisho. Wakati wa kuaga alimwambia Kocha neno moja tu: "Nimewaona."

Ghala lilijengwa kwingine. Kiwanda kilikabidhi eneo kwa kamati ya wakazi, kwa sharti kwamba litabaki kiwanja cha tenisi madamu kuna kocha wa kukiendesha. Na tangu mwaka ule, wiki mbili za Julai tenisi husimama na majirani hupura mtama wao. Wageni kutoka Mwanza wanaookota punje karibu na neti huwa wanacheka. Baada ya kucheza nasi hupunguza.

Katikati ya vurugu zile za asubuhi, Kocha alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Shida alipokuwa anapura, pigo lake halikutoka begani. Lilitoka kisiginoni, likapanda kiunoni, likapita juu ya kichwa na kushuka na mwili mzima. Jumatatu Shida alikuwa anavuta pipa. Mwezi uliofuata alianzisha mpira wake wa kwanza kwa pigo lile lile, ukaruka uzio na kuangukia zizi la jirani. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa bingwa wa vijana wa nchi. Lakini Kocha hajawahi kumsifu yeye zaidi ya wengine. Wengi wetu hatutakuwa mabingwa, na anajua, na bado hurekebisha vidole vyetu kwenye mpini kama vile kesho tunacheza fainali.

Kocha alipotangaza kustaafu, hofu ya zamani ilirudi. Bila kocha, sharti linavunjika na kiwanja kinaondoka. Alipendekeza Shida, ambaye sasa ana cheti cha ukocha, achukue nafasi yake. Baadhi ya wajumbe wa kamati walisita. Walisema ni mdogo, tena bado anamwogopa Kocha. Mtu anayemwogopa mwalimu wake atasimamaje peke yake? Kocha hakubishana. Aliwaalika wote Jumamosi iliyopita waje watazame, yeye na Shida wakicheza seti moja.

Kweli, mwanzoni Shida alikuwa anapiga kwa adabu. Mipira ilikuwa inatua palepale Kocha aliposimama. Hatukupenda tulichokiona, na wajumbe wawili walianza kutazamana. Ndipo Bibi Nyanjige, mke wa Mzee Jilala, akamwita mjukuu wake kutoka kwenye benchi: "Shida, endelea hivyo hivyo, mwachie mayu mipira, ana miaka sitini huyo!"

Kocha alisimamisha mchezo. "Bibi Nyanjige," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, "akiniachia hata mmoja, sistaafu!"

Watu walicheka. Shida hakucheka. Alijifuta uso kwa kanga aliyoitoa kwenye begi lake, akarudi kwenye mstari, na kuanzia hapo hakuacha kitu. Kocha alipata gemu moja tu, na aliipigania kama msichana. Mpira wa mwisho ulimpita akiwa amenyoosha mkono wote. Aligeuka kuutazama ulipotua, ndani kabisa ya mstari, akatabasamu kuliko tulivyowahi kumwona akitabasamu aliposhinda. Mwenyekiti wa kamati hakuitisha kura. Alikwenda kumpa Shida mkono.

Kocha Dorkasi, tunakushukuru kwa magoti uliyoyamaliza kwenye udongo wetu, na kwa kutotudanganya kamwe kwamba tumecheza vizuri. Ulitukuta na mbuzi wanne. Unatuacha tukiwa timu. Nenda Nassa ukapumzike, ulale mpaka jua lipande, ule samaki wabichi, na afya yako iwe njema miaka mingi ijayo. Ukituona kwenye mashindano, kaa mbele, utuzomee tukikosea. Asante sana, wabeja sana, mayu.

Scola Mayige, Kidato cha Tatu,
kwa niaba ya wachezaji wote