Shangazi Amejivua Gamba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wajumbe, watumishi wenzangu wa makumbusho, shemeji yetu uliyejichagulia kiti karibu na meza ya vinywaji, na nyote mliokuja kumuaga mtunzaji wetu wa viumbe hai anayestaafu: kwa moyo mzito, na kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, natangaza rasmi kwamba Shangazi amejivua gamba. Amelivua lote, kuanzia kichwani hadi ncha za miguu. Hali yake ni nzuri. Familia inaomba utulivu.

Kwa wageni ambao hawajawahi kushuka kwenye chumba cha chini, Shangazi si mtu. Ni buibui-mjeledi, mkazi wa kizimba cha kioo kando ya bomba la maji. Jina lenyewe linadanganya, maana si buibui hasa: hafumi utando na hana sumu. Mwili wake ni bapa kama biskuti iliyokaliwa, apate kujipenyeza chini ya magome na kwenye nyufa za mapango. Ana miguu minane lakini anatembelea sita tu, tena upande upande kama kaa. Ile miwili ya mbele, mirefu na myembamba kama uzi, ndiyo mijeledi, na hamchapi nayo mtu. Anapapasia njia, kama mimi ninapotafuta miwani asubuhi. Mbele ya mdomo ana mikono yenye miiba, ameikunja kifuani kama mama mkwe anayesubiri maelezo.

Na ndugu zake ni wengi, jamani. Katika nchi za joto zimetambuliwa aina zaidi ya mia mbili. Wapo wadogo kama ukucha, na wapo ambao wakinyoosha mijeledi hawaenei kwenye sinia. Wapo weusi tii, wapo wenye mabaka kama gome la mti, na baadhi ya wale wa mapangoni wamepoteza macho kabisa wala hatujapokea malalamiko. Mama zao huwabeba watoto mgongoni mpaka wajiweze. Ni nani kati yetu aliyeyajua haya kabla mama huyu tunayemuaga hajatubana kwenye korido, chai mkononi, tukitafuta pa kutokea? Shemeji, wewe uliyekuwa ukihadithiwa haya mpaka kitandani, pole na hongera.

Sasa tuje kwenye lililotuumiza vichwa. Bodi iliamua kwamba mtunzaji akistaafu, chumba chake kiwe stoo ya viti, kwa kuwa kimebakiwa na mkazi mmoja na viti ni vingi. Mama huyu hakubishana. Aliomba tu kwamba leo, kabla ya sherehe, Mwenyekiti ashuke akamwone Shangazi kwa macho yake. Mwenyekiti, ambaye kwa heshima zote humkimbia hata mende, alikubali.

Taarifa rasmi itasema kwamba Bodi ilitafakari upya kwa kina. Ngoja niwaambie ilivyokuwa kweli, kwani nilikuwepo, nyuma ya Mwenyekiti, nikijikinga naye.

Tulitangulia sisi wawili. Mtunzaji alikuwa bado ngazini akipokea simu ya pongezi. Mimi, mkuu wa makumbusho, nikitaka kuonekana mwenyeji, nilifungua kizimba nikawasha tochi. Shangazi alikuwa ananing'inia chini ya gome, miguu imekunjamana, kimya. Nikasema kwa sauti ya mazishi kwamba tumechelewa. Mwenyekiti akavua kofia. Nilikuwa nimeshafika kwenye pole nyingi kwa wafiwa wakati mtunzaji alipoingia, akachungulia, akashika ukuta kwa kicheko.

"Mkuu," akaniambia, "umefiwa na gauni."

Akalitoa lile gamba, akamwekea Mwenyekiti kiganjani. Jepesi kama ganda la kitunguu, na kila mwiba upo mahali pake. Mwenyekiti akiwa bado anashangaa, mkono uko mlangoni mwa kizimba, mjeledi mmoja ukatokea nyuma ya gome, taratibu, ukamgusa kwenye kifundo cha mkono. Akaganda.

"Ananisalimia?" aliuliza.

"Anakukagua, Mheshimiwa. Anataka kujua wewe ni nani."

Hakuutoa mkono. Aliusubiri ule mjeledi umalize kazi yake, kidole kimoja kimoja, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba viti vitafutiwe mahali pengine. Akamuuliza mama kama angekubali kuja mara moja moja, amfundishe atakayempokea. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na kura.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa aproni. Mwenyekiti akavuta ndoo nyingine, akakaa kando yake na suti yake yote. Mimi nikapanda ngazi peke yangu kuja kuwaambia msubiri kidogo, na nyinyi mkasubiri bila kuuliza. Kwa subira hiyo, na kwa masikio mliyonipa sasa, nawashukuru sana.