Mama Pazia na Ile Nafasi ya Katikati

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Pazia, na sababu ya kunichagua, kwa maelezo ya shemeji yangu, mume wa marehemu, ni kwamba mimi ndiye niliyemtania kuliko wote, kwa hiyo leo ni zamu yangu kumsema vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, fundi seremala, na mama yetu, mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba. Mama alikuwa akisimulia kwamba ukuta wa chumba cha watoto ulipakwa chokaa kila mwaka bila faida, kwa kuwa kabla haijakauka sawasawa dada alikuwa amekwisha kuuchora kwa mkaa, akachapwa, akaufuta, na kesho yake akaanza upya.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza Novemba 1966, na nisiwadanganye, katika hesabu alikuwa wa kushikwa mkono, lakini ramani zote zilizotundikwa darasani alizichora yeye, hata mwalimu wa jiografia akaja mwenyewe nyumbani kumwambia baba kwamba mtoto huyu ana mkono, maneno ambayo baba aliyapokea kwa kuuliza kama mkono huo unaweza kupiga randa.

Tarehe 1 Aprili 1968 aliajiriwa kwenye studio ya picha iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kwa kazi ya kufagia na kukausha picha, chini ya mzee tuliyemwita Fundi Picha, mtu mkali na mchache wa maneno, na tarehe 3 Juni 1970, mchoraji wa mapazia alipoacha kazi ghafla, mzee huyo alimkabidhi dada kitambaa cha marekani, rangi ya unga na gundi, akamwambia achore bustani yenye ngazi. Kwa vijana ambao hamkuzijua studio hizo, pazia ni ile picha kubwa ambayo mteja alisimama mbele yake, aonekane yuko bustanini au mlangoni mwa ndege, na kanuni ya kwanza aliyofundishwa dada ilikuwa kwamba pembeni pajazwe sawasawa, maua, ngazi, nguzo, lakini katikati papakwe rangi nyepesi tu na kuachwa, kwa kuwa katikati si pa mchoraji, ni pa mteja. Kanuni hiyo aliifuata kwa miaka thelathini na tisa, akachora mapazia sitini na manne, na ni nadra kukuta familia katika mitaa hii isiyo na picha ya harusi, au ya mtoto aliyenuna, ambayo nyuma yake kuna kazi ya dada, ingawa sijasikia hata mmoja aliyewahi kuuliza mchoraji ni nani.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na meza yake kwenye baraza ya studio, ambaye kwa miezi minane alikuwa akiingia ndani kuuliza kama saa ya ukutani inakwenda vizuri, saa ambayo ilikuwa nzima kabisa, na wakajaliwa watoto watatu, kifungua mimba ambaye ni muuguzi, wa pili dereva wa lori, na kitinda mimba mwalimu, pamoja na wajukuu saba.

Studio ilifungwa tarehe 30 Septemba 2009, kila mtu akiwa sasa na kamera yake mfukoni, na dada akarudi nyumbani na brashi zake kwenye kopo la maziwa, mwanamke wa miaka hamsini na minane, akatutangazia wakati wa chakula kwamba kuanzia kesho yeye ni mchoraji. Nilimuuliza siku zote alikuwa nani, akanijibu kwamba siku zote alikuwa mtengeneza mapazia, na kwamba kabla hajafa anataka kuchora picha moja tu ambayo mtu ataigeukia.

Tarehe 12 Agosti 2012, jirani yetu mwalimu wa sanaa alimpatia nafasi katika maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, dada akapeleka picha ya soko, kazi ya miezi mitano, mabanda, vikapu, watu wakipatana bei, na sisi sote tukaenda tumevaa za kutokea. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kugundua kinachoendelea, na Mungu anisamehe, nilicheka, kwa kuwa wageni walikuwa wakiifikia picha ile, wanaipa mgongo, wanajipiga picha mbele yake, mmoja baada ya mwingine, na wanatoka vizuri ajabu, kwa sababu mkono wa dada, bila mwenyewe kujua, ulikuwa umewaachia katikati. Nikasema kwa sauti kwamba Mama Pazia amefungua studio upya, watu wakacheka, naye akacheka, lakini tulipofika nyumbani aliketi jikoni hata viatu hajavua, akalia, nami nilisimama mlangoni nisijue pa kuuweka uso wangu.

Hakuacha. Alijaribu mara kumi na moja kuijaza nafasi ile, akaweka mti, mti ukasogea pembeni, akaweka ng'ombe, ng'ombe akabaki kwato na mkia, shemeji akamshauri aanzie katikati, akaanzia katikati, na baada ya wiki moja alikuwa amepafunika kwa rangi nyepesi, akituambia kwamba kila brashi ikikaribia pale anahisi kuna mtu anataka kupita naye amemzibia njia.

Tarehe 17 Februari 2021, baada ya kusumbuliwa na pumzi, madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka, wakamkataza kupanda ngazi na kukaa na harufu ya rangi, naye akatii la ngazi. Oktoba 2022 alimwomba shemeji ang'oe kioo cha kabati na kumshikia, akisema kwamba amemngoja mteja vya kutosha, inaonekana haji, basi atasimama yeye mwenyewe, na shemeji akashika kioo kile kwa miezi mitatu, mikono ikimuuma, hadi tarehe 22 Januari 2023 picha ilipokamilika. Ndiyo ile mliyoiona kando ya mlango, bustani yenye ngazi kama ya mwaka 1970, na katikati yake mwanamke mzee aliyevaa aproni yenye madoa, miguu imevimba ndani ya ndala, brashi mkononi, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa.

Alilazwa tarehe 28 Aprili 2023. Siku moja kabla hajatutoka aliniuliza picha ile nimeionaje, nami, mwenye maneno siku zote, niliweza tu kumwambia kwamba niliitazama hadi chai yangu ikapoa, akafumba macho, akasema hiyo inatosha. Alifariki tarehe 5 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mwezi mmoja na siku ishirini na sita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake muuguzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliovumilia harufu ya rangi bila kununa, mwalimu wa sanaa, wenzake wa studio ambao bado mpo, na shemeji yangu, kwa mikono yake.

Tangu asubuhi nimekaa karibu na mlango ule nikiwaangalia, simu mnazo, mmevaa vizuri, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeipa mgongo picha ile, kila aliyeingia amesimama, ameitazama, ndipo akatafuta kiti.

Dada, wamekugeukia. Pumzika sasa, katikati ni pako.